Uliniapisha Nisiseme

Jikoni mwa chuo cha ualimu hakuna aliyehitaji kuuliza mkubwa ni nani. Ukiingia tu, unamwona. Mpishi mkuu alikuwa mwanamke wa mwili hasa, na akipita kati ya meza ya kukatia na safu ya majiko, wengine walijibana ukutani kama magari madogo yakipisha lori. Wanafunzi walimwita Mama Ukoko. Waliowahi foleni aliwakwangulia ukoko wa wali chini ya sufuria na kuwawekea juu ya sahani, na vijana wakubwa wenye ndevu waligombea ukoko huo kama watoto wa nyumba moja. Jina likamkaa. Walimu wakalitumia, na hata mumewe, fundi viatu asiyependa maneno mengi, alilitumia siku akitaka kumchokoza.

Msaidizi wake aliitwa Sindano. Huyu alikuwa mwembamba, mrefu, mwepesi wa mikono, anakula sahani mbili na hazionekani zilikokwenda. Wakikaa pamoja kwenye benchi nyuma ya jiko, benchi lilielemea upande mmoja, na Sindano hakuchoka kusema, "Dada, usiinuke ghafla, utanirusha nivuke ukuta." Mama Ukoko ndiye aliyemwombea kazi. Sindano alipojifungua mtoto wake wa mwisho na kuumwa miezi mitatu, Mama Ukoko alikata vitunguu vyake na vya mwenzake, hakumwambia mtu. Walikuwa pamoja jikoni miaka kumi na mitano, na kama kuna jambo la mmoja ambalo mwingine hakulijua, basi lilikuwa dogo sana.

Tatizo lilianzia magotini. Kwanza yalilia akipanda ngazi za ofisi, halafu yakaanza kulia hata akisimama. Baadaye sukari ikapanda. Baadaye tena mumewe akamwambia kwamba akilala huacha kupumua, halafu hushtuka kama mtu aliyezama akaibuka. Daktari alimpima na kumpima, akampa vidonge, akamwambia apunguze kula. Alipunguza mara saba. Kila mara kilo ziliondoka kwa aibu na kurudi na wenzao.

"Mama," daktari akamwambia siku moja, "kuna upasuaji. Wanatoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wanaacha kipande chembamba, umbo la ndizi. Madaktari bingwa wanakuja hapa mara mbili kwa mwaka. Lakini sikufichi, kisu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni wewe, maisha yako yote."

Alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Fundi viatu aliweka chini kiatu alichokuwa anakishona, akafikiri, akasema, "Ukienda nitakupeleka. Usipokwenda nitakununulia kitanda imara zaidi." Basi wakaamua.

Shida ilikuwa watu. Mama Ukoko alikuwa na mawifi wanne wenye ndimi kali, na jikoni kulikuwa na watu kumi na mmoja. Alijua watakavyosema: ameshindwa kufunga mdomo, ameenda kufungwa na daktari. Hakutaka. Alitaka apungue, na watu wakiuliza aseme ni kutembea na kujinyima. Lakini mtu mmoja lazima ajue, maana ukipasuliwa hubebi sufuria ya kilo thelathini kwa wiki sita. Akamwita Sindano stoo, wakasimama kati ya magunia ya mchele, akafunga mlango.

"Nataka kukwambia jambo, lakini uape kwanza."

"Niape juu ya nini na sijalijua?"

"Apa."

"Haya, naapa."

"Hata ukiulizwa na nani."

"Hata nikiulizwa na nani, sisemi. Dada, unanitisha. Una nini?"

Alipomweleza, Sindano alishika mdomo, halafu akamkumbatia pale pale, unga wa mchele ukawapaka wote wawili. "Nenda," akasema. "Jiko niachie mimi."

Kabla ya kupasuliwa alipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, kijana mwenye miwani na sauti ya upole ya kuudhi. Akamuuliza anakula mara ngapi kwa siku.

"Mara mbili tu, mwanangu. Asubuhi na jioni."

"Na kuonja?"

"Kuonja si kula."

Kijana hakubishana. Akampa bakuli. Akamwambia kesho, kila atakachoonja, achote kijiko kingine kama hicho hicho akitie humo. Mama Ukoko alifanya hivyo kwa kiburi, ili amwonyeshe. Mchuzi ulipoiva kijiko kikaingia, kupima chumvi kijiko, wali kijiko, tena wali wa sufuria ya pili, ukoko kidogo, maharage ya walimu, maharage ya wanafunzi, uji. Saa nne asubuhi bakuli lilijaa. Alikaa kwenye benchi akalitazama, na Sindano akaja akalitazama naye.

"Huyo kijana ni mchawi," Sindano akasema, na wote wakacheka mpaka machozi.

Lakini tangu siku hiyo alikoma. Wiki mbili za kabla ya upasuaji alikunywa supu isiyo na mafuta, mtindi usio na sukari na maji, ili ini linywee na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Kichwa kilimuuma siku tatu mfululizo. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye sufuria wenyewe, bila ruhusa, na Sindano alikuwa anaupiga kwa mwiko. "Toa!" Mkono unarudi. Baada ya dakika tano, "Toa tena!" Wengine jikoni walidhani ni mchezo wao mpya.

"Na mimi ladha nitaijuaje?" Mama Ukoko akauliza.

"Mimi si nipo? Mimi nitakuwa ulimi wako."

Chuoni akaaga kwamba anakwenda kwa binti yake aliyejifungua. Siku ya upasuaji mumewe alikaa upande mmoja wa kitanda na Sindano upande mwingine. Alipofungua macho, mdomo mkavu kama ngozi ya kiatu, sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya Sindano: "Tumbo limebaki kwa daktari, dada, jina limebaki kwako." Alitaka kucheka, mishono ikamkataza.

Maisha yakaanza upya kwa kikombe kidogo kama kile cha dawa ya kikohozi. Maji, funda moja, subiri, funda jingine. Siku ya pili wakamtembeza kwenye korido huku anasukuma chuma cha dripu, mumewe nyuma amebeba ndala zake bila sababu ya kueleweka. Wiki mbili vitu vya majimaji. Kisha vya kupondwa, vijiko vitatu na amejaa mpaka kooni. Kisha vilaini: yai, samaki aliyechambuliwa, maharage bila maganda. Protini kwanza, mboga baadaye, wanga mwisho kama nafasi imebaki, na haikubaki. Asinywe maji pamoja na chakula, asubiri nusu saa. Atafune mara ishirini. Vidonge vya vitamini kila siku, mpaka kufa. Na atembee.

Baada ya wiki sita akarudi kazini. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha majiko, alizunguka uwanja wa mpira wa chuo, na Sindano alizunguka naye. Mwanzoni mzunguko mmoja, na katikati wanasimama kama wanaoangalia nyasi. Kisha miwili. Kisha mitano. Walizungumza watoto, magoti, mawifi, kila kitu. Mama Ukoko alikuwa anasema baadaye kwamba hizo ndizo zilikuwa saa nzuri kuliko zote za maisha yake, na ndiyo maana zilimuuma kuliko zote.

Jikoni mambo yalibadilika bila mtu kuyapanga. Sufuria nzito alibeba Sindano. Kuonja alionja Sindano. Mama Ukoko alisimama pembeni akielekeza, "Vipi chumvi?" na Sindano akijibu, "Ongeza kidogo," na wapishi wakaanza kumtazama Sindano moja kwa moja bila kumpitia yeye. Hakujali. Kilo zilikuwa zinashuka. Aproni iliyokuwa haifungi nyuma ilimzunguka ikarudi mbele. Sukari ilishuka mpaka daktari akampunguzia vidonge. Siku moja alipanda ngazi za ofisi mpaka juu, na alipofika ndipo akakumbuka kwamba hakupumzika katikati. Alisimama pale juu peke yake akitabasamu kama mwehu, karani akamuuliza kama kuna tatizo.

Kulikuwa na siku mbaya pia. Siku moja njaa ya zamani ilimzidi, akameza wali haraka haraka akiwa amesimama, na kifua kikambana kama kimefungwa kamba. Alikimbia nyuma ya stoo akatapika, mkono mmoja ukutani. Siku nyingine alisahau akanywa chai yenye sukari nyingi, moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka, ikabidi akae sakafuni. Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka, vishungi kwa vishungi kwenye kitana. Daktari alikuwa amemwambia itatokea na itapita. Akafunga kitambaa.

Yeye alijua sababu ya kila kitu. Waliomtazama hawakujua hata moja. Walichokiona ni mwanamke mnene aliyeyeyuka kwa miezi mitano, anayetapika nyuma ya stoo, anayemeza vidonge kila siku saa ile ile kutoka kwenye kopo ndani ya droo, anayekatika nywele, na ambaye hathubutu tena kutia kijiko chake kwenye chakula cha watu.

Alianza kuona vitu vidogo. Wanafunzi waliofika kwanza kwenye foleni waliomba wahudumiwe na mwingine. Alipokwangua ukoko na kuuweka juu ya sahani ya kijana mmoja, kijana alisema asante, akaenda mezani, akausukuma pembeni kwa ncha ya uma. Mwalimu aliyezoea kuingia jikoni kupiga soga akawa anasimama mlangoni. Mama Ukoko akamuuliza Sindano wakiwa uwanjani, mzunguko wa tatu.

"Mbona watu wananiangalia hivi siku hizi?"

"Wamezoea umbo la zamani, dada. Watazoea na hili."

"Sioni kama ni hilo."

"Ni hilo. Twende, umepunguza mwendo."

Akaongeza mwendo.

Wiki tatu baadaye alipewa barua. Kwa kuzingatia hali yake ya afya, uongozi umeona apumzishwe kazi za jikoni na ahamie stoo ya mashuka na mapazia, kuanzia Jumatatu. Upishi mkuu utashikwa na msaidizi wake. Aliisoma mara tatu. Akadhani labda mtu ameona hawezi kubeba sufuria, wamemwonea huruma. Sindano alimshika bega. "Pumzika kidogo, dada. Jiko si lako? Litakwenda wapi?" Na Jumatatu alfajiri wakatembea pamoja kama kawaida, kisha mmoja akaenda jikoni na mwingine kwenye mashuka.

Stoo ya mashuka ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu mpaka darini, harufu ya sabuni na ukimya. Mtu aliyeishi na kelele za sufuria miaka kumi na minane, ukimya unamtafuna. Siku ya nne mlango ukafunguliwa, akaingia dada wa vyombo, yule binti anayeosha sahani, mikono bado ina povu. Alisimama, akaanza kulia kabla ya kusema lolote.

"Mama, unatumia dawa? Unatumia vizuri, huruki siku?"

"Dawa gani, mwanangu?"

"Usinifiche. Shangazi yangu naye anazo, anazitumia mwaka wa tisa sasa, ana nguvu kuliko mimi. Mtu akitumia dawa hafi. Mimi nimewaambia jikoni hata ugonjwa huo hauambukizwi kwa chakula, lakini wale hawasikii."

Mama Ukoko alikaa juu ya rundo la mashuka. "Nani amesema naumwa?"

"Wote. Wengine wanasema huo, wengine wanasema kifua kikuu. Wanafunzi waliandika barua kwa mkuu. Mimi sikuamini, mpaka..."

"Mpaka nini?"

"Mpaka Sindano alipokataa kukataa. Tulimuuliza. Akasema, mimi siwezi kusema, msiniulize. Tukajua ni kweli."

Mchana ule aliondoka kazini kabla ya saa yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mumewe. Fundi viatu alikuwa na misumari mdomoni, akaitema mkononi alipomwona uso.

"Na wewe watu walikuuliza?" akamwambia, bila salamu.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi. Kama naumwa."

Mumewe akashusha pumzi. "Wameuliza sana. Mteja anakuja na kiatu kizima kabisa, anasema kague soli, halafu anauliza, shemeji anaendeleaje?"

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia mke wangu haumwi. Ana njaa tu, kwa hiari yake. Wakizidi, nawaambia waniachie kiatu waende."

"Hukuwaambia nimepasuliwa?"

"Ulisema nisiseme. Sasa upasuaji na hilo wapi na wapi? Wao waliuliza kama unaumwa. Huumwi. Nikasema huumwi." Alimtazama, akaona kuna kitu. "Kwani kuna nini?"

Mama Ukoko alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika tama, na kwa mara ya kwanza ndani ya miezi yote ile akalia, si kwa njaa wala kwa mishono.

Kesho yake alipanda ngazi za ofisi na barua ya daktari mkononi. Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke wa makamo, mkali lakini wa haki, na alipoisoma alivua miwani akaisoma tena.

"Upasuaji wa tumbo? Lini?"

"Miezi sita iliyopita, Mkuu. Nilikuwa likizo."

"Ulisema umekwenda kwa binti yako."

"Nilidanganya."

Mkuu aliiweka barua mezani polepole. "Mama, kwa nini hukuniambia? Mimi si mtu wa kwanza niliyepaswa kujua?"

"Niliona aibu. Lakini na wewe, Mkuu, kwa nini hukuniuliza? Na hata kama ningekuwa naumwa kweli, mgonjwa ndivyo anavyofanyiwa? Anapelekwa kufungiwa na mashuka bila kuambiwa?"

Mkuu wa chuo akatazama chini. "Niliogopa wanafunzi wangesusia chakula," akasema. "Na sikutaka kukuvunjia heshima. Nikamwita aliye karibu nawe kuliko wote, hapa hapa, akakaa kiti hicho hicho ulichokalia. Nikamwambia, tusaidie, mwenzako anaumwa nini? Akainamisha kichwa akasema, Mkuu, nimeapa, siwezi kusema. Sasa mimi ningefikiri nini? Nikamuuliza, akiondoka, wewe utaweza jiko? Akasema ataweza."

"Lini hiyo?"

Mkuu akafungua kitabu chake cha miadi. Ilikuwa Jumanne, wiki tatu kabla ya barua.

Mama Ukoko alihesabu kwa vidole chini ya meza. Asubuhi ya Jumatano ile walizunguka uwanja mara tano. Alikumbuka, kwa sababu ndiyo siku alipouliza mbona watu wanamwangalia hivi. Na baada yake, mpaka siku ya barua, zikafuata alfajiri kumi na tano, bega kwa bega, na mwenzake akimpa moyo, akimwambia aongeze mwendo.

Alimkuta Sindano uwanjani siku iliyofuata, amefunga kamba za viatu, tayari. Mama Ukoko hakuvaa viatu vya kutembelea. Sindano alimwona miguu, akaelewa.

"Umekwenda kwa Mkuu," akasema.

"Nimekwenda."

"Dada, uliniapisha nisiseme. Ulisema hata nikiulizwa na nani. Nimekosa wapi?"

"Nilikuapisha usiseme nimepasuliwa. Sikukuapisha uniache nizikwe mzima."

"Ningesema nini sasa?"

"Haumwi. Neno moja! Mume wangu aliulizwa akasema haumwi, na siri yangu haikutoka hata tone. Mume wangu, ambaye akiongea sentensi mbili anachoka!"

Sindano akakaa kwenye nyasi zenye umande. Alikwangua tope kwenye kiatu kwa kidole, muda mrefu.

"Alipouliza, neno hilo lilikuja," akasema. "Nakuapia lilikuja mpaka hapa." Akagusa koo. "Halafu nikajisikia nasema siwezi kusema. Na nilipoona uso wake, nikajua amefahamu nini. Ningeweza kurekebisha pale pale. Sikurekebisha."

"Kwa nini?"

"Miaka kumi na mitano nakata vitunguu nyuma yako, dada. Miezi ile napika mimi, naonja mimi, nabeba mimi, na wakisifu chakula wanakusifu wewe. Nilitaka nami mara moja..."

"Si ungeniomba?"

"Ungenipa?"

Mama Ukoko alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo, ningekupa, na hakuwa na hakika. Hilo nalo lilimkasirisha, kwamba hata katika haki yake yote mwenzake amempata mahali.

"Ningekasirika," akasema mwishowe. "Tungegombana wiki nzima. Lakini tungegombana uso kwa uso. Wewe ulinishika mkono huku unanisukuma. Kila asubuhi! Ulikuwa unapata wapi huo uso?"

Kengele ya kuamsha wanafunzi ikalia, na jiko lilikuwa halijawashwa. Sindano akainuka, akasimama kidogo kama anayesubiri kuambiwa neno, kisha akaenda kuwasha.

Mkuu alimrudishia Mama Ukoko jiko lake mwanzo wa muhula uliofuata, na akamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Mama Ukoko mwenyewe akasimama akawaeleza: alipasuliwa, alipunguzwa tumbo, nywele zitaota, vidonge ni vitamini na yeyote anaweza kusoma kopo. Alitegemea wacheke. Wachache walicheka. Mpishi mmoja mzee akanung'unika, "Sasa na yale yote ya kutuambia ni kutembea tu? Mimi nimetembea miezi mitatu, goti limevimba." Mama Ukoko akamwomba radhi na yeye.

Sindano hakukubali kurudi kuwa msaidizi. Akapata kazi kwenye jiko la hospitali moja upande wa pili wa mji, akaondoka siku ambayo Mama Ukoko alikuwa kliniki. Mawifi walipata habari, wakasema yote ambayo aliogopa watasema, kwa maneno yale yale. Cha ajabu hayakumuuma. Aliyemuuma alikuwa mwingine, na hakuwa wifi.

Akaendelea. Protini kwanza, atafune, asubiri, atembee. Alimwomba kijana wa lishe ruhusa ya kijiko kimoja cha chai kwa kila sufuria, akaonja mwenyewe, wala hakumkabidhi mtu tena. Msaidizi mpya alikuwa mwema na mchapakazi, na Mama Ukoko alimfundisha kila kitu isipokuwa habari zake. Mumewe alijitolea kutembea naye alfajiri. Alitembea siku mbili, siku ya tatu akasema yeye kazi yake ni kushona viatu, si kuvimaliza. Basi akawa anazunguka peke yake, na mzunguko wa tatu, kila siku, hasira ilikuwa inampanda upya kama amesikia habari jana.

Karibu mwaka ulipita. Jumamosi moja, sokoni, alikuwa anachagua nyanya aliposikia nyuma yake, "Dada, samahani, naomba nipite," akageuka kumpisha, na aliyetaka kupita alikuwa Sindano. Hakuwa amemtambua mwenzake kwa mgongo. Wote wawili wakasimama na vikapu vyao.

"Umekwisha kabisa," Sindano akasema, halafu akaona alivyosema. "Nina maana umependeza."

"Asante. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mkubwa amepata kazi. Na fundi?"

"Yupo. Anashona."

Muuza nyanya akauliza kama wananunua au wanazuia njia. Walisogea hatua moja. Sindano alikuwa anashikashika mkono wa kikapu.

"Bado unatembea asubuhi?"

"Bado."

"Mimi nimekukumbuka sana asubuhi. Naamka saa ile ile, na hata sina pa kwenda."

Mama Ukoko naye alikuwa amemkumbuka. Ilikuwa kweli, na ilikuwa mdomoni, ingemgharimu pumzi moja tu kuisema. Alimtazama mwenzake usoni, akaona ni uso ule ule wa alfajiri zile kumi na tano, hauna alama yoyote, na hakuna namna ya kujua safari hii nyuma yake kuna nini.

"Haya, wasalimie nyumbani," akasema. Akalipa nyanya, akabeba kikapu, akaondoka. Kituo cha basi kilikuwa hapo hapo, lakini alikipita akaenda kwa miguu, mwendo wa saa nzima na zaidi, jua kali, kikapu mkono huu na baadaye mkono ule.

Nyumbani mumewe alimuuliza mbona amechelewa.

"Nilipita njia ndefu," akasema, akaenda kuosha nyanya.